Shoka Anataka Kuwa Mganga

9 Januari

Mdogo wangu,

Habari za huko juu kwenye lifti zako? Sisi huku wazima, kwa kipimo cha uzima wetu. Mama anakusalimu. Mkono wa kushoto bado umelala tangu kile kiharusi, mguu unaburuzika, ila mdomo umerudi kiasi kwamba matusi yake sasa yanaeleweka vizuri. Jirani wa ukutani naye anakusalimu, yule aliyekuwa akitugongea ukuta tukicheka sana. Siku hizi hagongi, anakuja mwenyewe na kigoda chake. Mimi niko palepale dukani, nasaga vioo vya miwani kutwa, na vumbi lake nalikuta mpaka kwenye chai.

Mchezo wetu wa kuigiza hadithi unaendelea kila Jumamosi. Mama bado ndiye msimulizi wetu: anatuambia nyuma ya mlango kuna nini, sisi tunasema tunafanya nini, dadu inaamua tumepona au tumekwisha. Shoka, mhusika wako, namchezesha mimi kama ulivyoniachia. Ni mpiganaji wa ngazi ya tisa, mikono minene, kichwa chepesi, sijui kamfuata nani. Bibi Pamba, mganga wa Mama, bado yuko nasi. Kivuli wangu ndiye wa kuhurumiwa. Nilimwanzisha akiwa mwizi, unakumbuka? Ulipokuwa unajiandaa kuondoka nikajifunza upanga kwako, maana nani angepigana? Mama alipoanguka nikajifunza uganga kwake. Sasa Kivuli ana fani tatu na hakuna hata moja aliyoifikisha mbali. Mtaka yote hukosa yote, na mimi hata sikuzitaka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mzee wa Duka amenipatia nafasi ya kusomea kupima macho. Si kusaga tena, kupima. Miezi sita, mji mwingine, kuanzia Mei mwanzoni, kitanda na chakula juu yao. Nikikataa anampa mwenzangu, yule anayesaga kioo kama anasugua sufuria. Lazima Mama apate mtu wa kukaa naye hiyo miezi sita, na huyo mtu ni wewe. Ulisema mwenyewe fundi wa lifti hakosi kazi popote penye ngazi ndefu.

Nijibu ndiyo au hapana. Usipige simu, tutagombana kabla hatujamaliza haloo.

Dada yako

2 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama pia, mwambie nimeinama mpaka chini. Mimi mzima, ila mgongo unanidai. Wiki iliyopita lifti ilikwama na mama mmoja mnene wa heshima zake. Tulipomtoa akanizaba kofi, halafu akanikumbatia, halafu akaniuliza kama nimeoa. Kamba, mwenzangu wa zamu, amecheka mpaka leo.

Habari ya masomo nimeifurahia kweli, Dada. Unastahili, hilo halina ubishi. Tutaliongea vizuri. Tatizo huku ni zamu juu ya zamu. Msimamizi wetu akikuona umekaa anadhani umekufa.

Sasa nina ombi la mezani. Nimechoka Shoka kuwa wa kupiga tu. Nataka ajifunze uganga. Kitabu cha mchezo kinaruhusu: mtu akipanda ngazi, badala ya kuongeza fani yake anachukua nyingine. Ninyi huko mwandikieni tu kwenye karatasi yake, "Shoka, mpiganaji na mganga," basi. Najua Mama ana sheria yake, lakini mimi niko mbali, sheria si ilegezwe kidogo? Hata mpira una muda wa nyongeza.

Wako mdogo, mwenye mgongo

20 Februari

Mdogo wangu,

Sote tumeamka. Mama kapata kikohozi kimeenda, kimerudi, kimeenda tena. Jirani kaleta mto wa kumwegemeza, mgumu kama tofali, lakini Mama anaupenda kwa sababu si wangu.

Nilikuuliza jambo la ndiyo au hapana. Umenijibu kofi la mama mnene.

Kuhusu Shoka, nimemsomea Mama ombi lako. Kacheka upande mmoja, kisha kaniambia nikukumbushe, kwa hiyo nakukumbusha. Kitabu alikikuta ndani ya foronya, na dadu zake, pale kwenye udobi wa hospitali alikofua shuka nusu ya maisha yake. Alikaa nacho akisubiri mwenyewe aje, hakuja. Alipofika kwenye lile neno la mtu kuamka asubuhi na fani mpya, Mama alikifunga. Alisema, "Nimefulia wauguzi miaka yote hii. Sijaona hata mmoja aliyeota usiku akaamka muuguzi." Akaweka sheria yake. Anayetaka fani ya pili anakaa kiti cha pembeni ya mwenye fani, hapahapa mezani, kwa matako yake mwenyewe. Anaweka silaha chini. Anabeba begi la mwalimu wake hadithi nzima, mwanzo mpaka mwisho, hata ikichukua mwaka. Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilibeba ngao yako, na ulinitania kila jioni. Nikabeba begi la Bibi Pamba. Hakuna aliyenilegezea.

Lakini mama ni mama. Amechukua lile begi lake la kitambaa, la mchezo, akaniambia nilitundike kwenye kiti chako. Kila Jumamosi linakaa pale likikusubiri. Kwa hiyo njoo ujifunze uganga, na ukishafika ukae nami nikasome. Mzee wa Duka anataka jibu kabla ya Aprili kwisha.

Ndiyo au hapana?

Dada yako

25 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo nyingi. Samahani kwa kuchelewa, huku kulikuwa na ukaguzi wa kamba zote za jengo, tumeshinda tukining'inia kama nguo. Mwenzangu Kamba kapata mtoto wa kike. Kikohozi cha Mama kikoje? Mpe tangawizi, au asitumie, wewe unajua zaidi.

Nimeguswa na habari ya begi, sikufichi. Nimesoma pale mara mbili. Lakini Dada, fikiria kimchezo tu. Tunavyocheza sisi, mpiganaji mbele, mganga nyuma, ni kupoteza nguvu. Mpiganaji mwenye uganga ni balaa! Ngao mkono huu, mkono ule kwenye jeraha la mwenzako. Siri yake ni kutoponya mapema. Ukimponya aliyesimama umeitupa dawa. Unangoja mpaka aangukie goti moja, hapo ndipo nguvu ya mganga inakuwa maradufu, na adui anadhani kashamaliza kazi. Wengi hawana subira hiyo. Halafu usipande uganga kupita ngazi ya tatu, vinginevyo mkono wa upanga unalegea. Haki ya nani, ukiona inavyofanya kazi utanikubali.

Kuhusu lile lingine, naongea na msimamizi. Nipe muda kidogo.

Mdogo wako

8 Aprili

We mtu,

Mama mzima. Jirani mzima. Salamu zimeisha.

Nani kakufundisha?

Bibi Pamba hajaponya mtu katikati ya vita hata siku moja. Mama hutuponya baada ya vita, tumekaa, na masimango juu yake. Hili la goti moja halimo mezani kwetu. Halimo kwenye kitabu, nimekisoma upya chote, mpaka kurasa zilizoliwa na mende. Na husemi "nadhani," unasema "ukiona inavyofanya kazi." Umeona wapi? Wengi hawana subira, wengi gani? Sisi tuko wawili na jirani mwenye kigoda!

Miaka miwili sasa naambiwa zamu juu ya zamu. Kikao kimoja cha mchezo ni nusu siku, najua kwa sababu huwa naamka alfajiri siku hiyo nifue, nipike, nimwogeshe, nimgeuze, ndipo nipate kukaa. Wewe nusu siku hiyo unaipata wapi na kila lini?

Sema, na usinichekeshe.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Haya. Umenishika.

Juu kabisa ya jengo kuna chumba cha mashine za lifti. Kina joto na kelele, lakini kina meza. Mhasibu wa ghorofa ya nne ndiye msimulizi. Tuko watano, Kamba yumo. Tunakutana kila Jumapili, na Jumapili mimi sina zamu. Shoka pale ana ngazi tatu za uganga, alizichukua kama kitabu kinavyosema, kwa kupanda tu. Na nikishasema niseme lote: hadithi tunayocheza ni Mnara wa Chumvi. Wa Mama, uleule wa Jumamosi. Niliwasimulia, wakaupenda, wanadhani niliutunga mimi.

Unataka kujua kwa nini siji. Unakumbuka nilipokuja mara ya mwisho, Mama akaniomba maji? Nikampa kikombe kwenye mkono wa kushoto. Ule uliolala. Kikaanguka kikavunjika, na wote wawili mkanitazama. Wewe ukachukua ufagio kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Kule juu hakuna anayenitazama vile. Kule nikiweka mkono kwenye jeraha la mtu, dadu inazunguka, mtu anapona na watu wanapiga meza. Naipenda ile sauti, Dada. Sina la kuongeza.

Nimepata likizo ya siku mbili. Nafika Mei mosi asubuhi. Mwambie Mama aniweke kwenye kiti anifundishe kikao kimoja, kihesabike rasmi. Lile lako tutaliongea ana kwa ana.

Mdogo wako

26 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Mama anakusalimu sana. Jirani anakusalimu. Barua yako nimemsomea Mama kila neno, la Mnara pia.

Njoo. Begi liko kwenye kiti. Fika asubuhi kama ulivyosema, usichelewe.

Dada yako

1 Mei
(inakusubiri mezani, chini ya begi)

Mdogo wangu,

Umefika? Pole na safari. Mlango kakufungulia Jirani, nilimwomba akae na Mama mpaka utakapogonga. Mimi nimepanda basi la alfajiri. Nimeshampa Mzee wa Duka jibu, ni ndiyo.

Usimlaumu Jirani, na Mama usimlaumu kabisa. Nilipomsomea habari ya chumba cha mashine alilitazama begi kwenye kiti chako. Siku ya tatu akasema, "Mwache aje. Begi libaki." Basi.

Begi nimelijaza upya. Zile pamba na majani ya mchezo nimeyatoa. Ndani kuna mafuta ya kumkanda mkono, kijiko chenye mpini mnene, vidonge vya asubuhi na vya jioni kila kimoja na chupa yake, nguo za kulalia na mpira wa kutandika chini ya shuka. Mgeuze kabla hajalalamika, akishalalamika umechelewa. Simu iko kwa Jirani, mpigie msimamizi wako umwambie unachotaka kumwambia.

Sheria unaijua. Anayejifunza fani ya pili anaweka silaha chini mpaka hadithi iishe. Hii ni ya miezi sita. Maji umeshayavulia nguo.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Salamu sina. Mama mzima.

Umenitega kama panya. Ningeweza kuondoka siku ileile, na ujue nilifika mpaka mlangoni na mfuko wangu. Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani wala hakuniita. Angeniita ningeondoka.

Msimamizi kampa Kamba nafasi yangu. Kamba mwenye mtoto mchanga, nitamwambia nini? Kule juu kiti changu kakalia mtu mwingine, anachezesha mlozi wa ngazi ya pili. Mhasibu ameniandikia kwa adabu zake zote kwamba Shoka wamemfanya aliyepotelea njiani. Nimekwenda kuomba kazi kwenye majengo mawili ya huku. Wanauliza naweza kuingia zamu ya usiku? Nani atamgeuza Mama?

Na kwa nini hukuniandikia habari ya blauzi? Umeniandikia vidonge, umeniandikia mpira, blauzi hukuiandika. Nilianza na mkono mzima kila siku, nikavuta, akalia. Mama yetu, ambaye hakulia hata tulipomzika Baba, alilia kwa blauzi! Jirani ndiye aliyenikuta akanisukuma pembeni. Mkono uliolala ndio unaotangulia. Ungeandika mstari mmoja tu. Au ulitaka nijue kwa njia hiyo?

Mkuki kwa nguruwe, Dada. Nimekuelewa. Inatosha sasa.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama, mbusu shavu la kulia, la kushoto halisikii. Masomo magumu ila naona nuru. Nimejifunza kutazama ndani kabisa ya jicho la mtu. Kuna mishipa mle, myekundu, inatandaa kama mizizi, na mwenye jicho hana habari.

Habari ya blauzi sikuificha. Nilisahau, nimeifanya mpaka mkono unaifanya wenyewe. Niombee msamaha kwa Mama. Kwako bado kidogo.

Vumilia.

Dada yako

20 Septemba

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumai masomo yanakwenda. Sisi tuko. Jirani kavunja kigoda chake, sasa anakalia ndoo, na bado anatugombeza kama mwenye nyumba. Nimepata vibarua vya mchana, natengeneza pasi na feni za watu hapahapa barazani, mlango wazi nimsikie Mama.

Mchezo tunacheza. Jirani kaingia, kajifanya mwizi, anaiba mpaka vitu vyetu. Kivuli namtunza mimi. Na mimi ninabeba begi, Shoka hajagusa upanga tangu Mei. Nilidhani Mama kufikia sasa atanipa japo ngazi ya kwanza. Nilimwomba mwezi uliopita, akatikisa kichwa. Wiki ile nilikuwa nimemgeuza kila nilipopaswa, hana kidonda hata kimoja, nikamwambia Mama, hata robo ya ngazi? Akatikisa kichwa. Zamani ningechukia. Kuchukia nilichukia, lakini nilimkanda mkono huku nimechukia.

Dada, sasa nisikilize. Mdomo wake unarudi nyuma. Tangu Agosti. Maneno yanapungua, Jumamosi nyingine nafuata macho yake tu, nasema, "Kuna ngazi? Kuna mtu?" naye anafumba jicho kukubali. Mnara wa Chumvi umefika juu kabisa, umebaki mlango mmoja. Hafungui. Nimemuuliza kwa nini, akanionyesha kiti chako, akanyoosha vidole vitatu. Mpaka sisi watatu wa nyumba hii tuwe mezani, ndivyo nilivyomwelewa. Nilikuwa nakishangaza chumba kizima kule juu kwa mlango huu, lakini kilicho nyuma yake sikuwahi kukijua. Nilikuwa nakwepa kuufikia.

Masomo si yanaisha Oktoba mwishoni? Niambie tarehe nimwambie. Anauliza kila asubuhi, anatazama mlango wa nje kisha ananitazama mimi. Usipitishe Novemba, nakuomba.

Mdogo wako

12 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama mpe shikamoo, nimeinama mpaka chini. Jirani mwambie nitamnunulia kigoda kipya. Samahani nimechelewa kujibu, huku kulikuwa na mitihani halafu mambo yakafuatana. Nimefaulu! Kwenye mtihani wa vitendo mzee mmoja alivaa miwani niliyompimia, akamtazama mkewe, akasema, "Kumbe umezeeka hivi?" Mkewe alimpiga na mkoba. Chumba kizima tulicheka.

Wameniomba nibaki kliniki ya chuo kidogo, wana upungufu. Nimekubali kwa muda. Hapa ni fani moja tu, mdogo wangu, tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu anakaa, namtazama, namwambia anachoona na asichoona, anaondoka. Sijui kama unanielewa.

Habari ya mdomo wa Mama nimeisoma. Nimesoma pale mara mbili. La kurudi tutaliongea vizuri, kwa sasa ni zamu juu ya zamu.

Nina ombi la mezani. Kivuli amechoka kubeba fani tatu. Naomba umwondolee uganga, umbakishie ule wizi wake wa mwanzo, alikuwa anauweza. Na ule mlango wa mwisho mwambie Mama aufungue, najua ana sheria yake, lakini mimi niko mbali. Wewe nirushie dadu, halafu uniandikie kulikuwa na nini.

Dada yako